Kwa Nini Dawa Ile Ile Ina Bei Tatu Nairobi

Mgonjwa wa presha anaweza kuulizia dawa yake Moi Avenue, akaulizia tena River Road, kisha akafika kwao Kayole, na kote akatajiwa bei tofauti. Wengi hudhani kuna mtu anawaibia. Mara nyingi hakuna. Kenya haina bei ya lazima kwa dawa zinazouzwa katika maduka binafsi. Mwagizaji huweka faida yake, wa jumla yake, na mwenye kemisti yake. Juu ya hapo, hata dawa inayotengenezwa Industrial Area hutegemea malighafi kutoka India na China, zinazolipiwa kwa dola. Dola ilipogonga takribani shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, bei zilipanda. Iliposhuka hadi karibu 130, wateja wengi hawakuona nafuu hiyo.

Lakini chanzo kikubwa cha tofauti hizo ni jina. Itazame pakiti: maandishi makubwa ya rangi ni jina la kibiashara, na chini yake, kwa herufi ndogo, ndipo penye dawa yenyewe, mathalani amlodipine miligramu 5. Kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani, hataza ya dawa mpya, yaani haki ya mvumbuzi kuitengeneza peke yake, hudumu angalau miaka 20 tangu ilipoombwa. Ikiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza, na ushindani huteremsha bei. Amlodipine, metformin na amoxicillin zilishatoka kwenye hataza zamani. Kwa hiyo mwambie mfamasia: "Nipe hii hii, ya bei nafuu, iliyosajiliwa." Usifanye hivyo peke yako kwa dawa za kifafa, za tezi ya shingo au za kuzuia damu kuganda, hizo zinahitaji daktari ajue.

Kwa nini mgonjwa hasemi hivyo? Kwa sababu sokoni Gikomba anayechagua nguo ndiye anayelipa, ilhali kwenye dawa daktari huchagua, mgonjwa au bima hulipa, na anayelipa hana njia ya kupima ubora. Anayeumwa hana moyo wa kupatana bei. Huishia kuamini kwamba ghali ndiyo nzuri, na wauzaji wanalijua hilo.

Maskini huumia zaidi. Katika mitaa mingi utaona muuzaji akikata vidonge vinne kwa makasi na kuvitia kwenye bahasha ya kaki. Mnunuzi wa rejareja hivyo hulipa zaidi kwa kila kidonge kuliko anayebeba pakiti nzima, na pengine kile kipande chenye tarehe ya mwisho wa matumizi kimebaki dukani.

Dawa ya bei nafuu ilipaswa kupatikana hospitali ya umma. KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, hununua kwa wingi kwa niaba ya taifa, na anayenunua kwa wingi hupunguziwa. Tatizo ni kwamba kaunti huchelewa kulipa, KEMSA nayo hukosa fedha za kuagiza, na mgonjwa huambiwa, "Imeisha, kanunue nje." Akienda huko nje, punguzo lile limeshapotea. Makato ya SHA, bima ya afya ya taifa, ya asilimia 2.75 ya mshahara hayatatibu hilo iwapo hospitali zitalipwa kwa kuchelewa.

Nguvu ya mnunuzi si nadharia. Mwaka 2000 dawa za ARV, za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, zenye hataza ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya India, Cipla, ilitangaza dola 350, na mwaka huo huo Kenya ikapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuagiza dawa nafuu kutoka nje. Hata Marekani tajiri, Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, ilizuiwa na sheria kupatana bei na watengenezaji hadi sheria ya 2022 ilipoiruhusu. Bei mpya za dawa kumi za kwanza zilianza Januari 2026.

Je, serikali ipange bei? Afrika Kusini imekuwa na bei moja ya kutoka kiwandani tangu 2004, yaani kiwanda humuuzia kila mnunuzi binafsi kwa bei ile ile. Mimi ningeanza na hatua ndogo zaidi: kaunti zilipe KEMSA kwa wakati, na bei ambayo KEMSA hununulia kila dawa ibandikwe ukutani katika kila hospitali ya umma. Bei ya kulazimisha ikiwekwa chini mno, mwenye kemisti ataacha tu kuleta dawa hiyo.