Kuvaa kilemba jukwaani si kosa: isome vizuri sheria ya Tennessee

Kila msimu wa matamasha unapokaribia, dawati letu la sheria kwa wasanii hupokea swali lilelile kutoka kwa Wakongo na Warundi wa Nashville, Memphis na Knoxville. Kikundi kinaandaa siku ya utamaduni kwenye bustani ya umma. Mchekeshaji wao ni mwanaume, na akipanda jukwaani huvaa kitenge na kilemba akaigiza mama mkwe. Je, atakamatwa? Safari hii kikundi kimoja kilikuwa kimekwishafuta kipande hicho kabla ya kutuuliza, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Makala haya ni elimu kwa wote. Mwenye jambo lake mahususi aonane na wakili.

Hofu hiyo inatokana na sheria moja ya Tennessee, jimbo la Marekani. Gavana Bill Lee aliitia saini tarehe 2 Machi 2023, ikapangwa kuanza kutumika tarehe 1 Aprili. Inahusu kile inachokiita burudani ya kabareti ya watu wazima, na inaikataza katika mali ya umma na mahali popote ambapo mtu asiye mtu mzima anaweza kuiona. Katika orodha ya watumbuizaji wanaohusika wametajwa wachezaji wa go-go, yaani wanaocheza densi ya kuchochea kwenye klabu, wavua nguo, na pia waigizaji wanaume wanaojifanya wanawake na wanawake wanaojifanya wanaume. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyowatia hofu wasanii wa dragi, yaani wale ambao kujigeuza jinsia jukwaani ndiyo sanaa yao, na hofu hiyo ikawafikia hata wachekeshaji wetu.

Watu husoma orodha wakaishia hapo. Nimelieleza hili katika mikutano mingi na nalirudia: kuwamo katika orodha hakutoshi. Onyesho lenyewe lazima liwe na madhara kwa watoto kwa maana ya sheria ya jimbo, na maana hiyo ina vipimo vitatu. Onyesho, likitazamwa kwa ujumla wake, liwe limelenga hasa kuchochea tamaa chafu ya ngono. Likiuke waziwazi viwango vya watu wazima katika jamii kuhusu kinachowafaa watoto. Na likose thamani ya kweli kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi kwa mtoto. Vyote vitatu vitimie pamoja. Kikikosekana kimoja, hakuna kosa. Mwaka 1993, katika shauri la wauza vitabu wa Davis-Kidd, Mahakama ya Juu ya Tennessee iliamua kwamba thamani hiyo ipimwe kwa jicho la kijana wa miaka 17 mwenye busara ya kawaida. Haipimwi kwa jicho la mtoto wa chekechea. Mama mkwe anayegombana na mkwewe kwa sababu ya ugali hafiki hata kwenye kipimo cha kwanza.

Kwa nini basi wasanii walikwenda mahakamani? Kikundi cha Friends of George's cha Memphis huandaa michezo ya vichekesho vya dragi na huchangisha fedha kwa ajili ya mashirika ya hisani. Walimshtaki mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Shelby, ulipo mji huo, Steven Mulroy, kwa sababu yeye ndiye ambaye angewafungulia kesi. Hoja yao ilikuwa kwamba afisa asiyependa sanaa yao anaweza kuisoma sheria apendavyo, na kwamba maneno "mahali popote ambapo mtoto anaweza kuona" hayana ukuta. Tarehe 31 Machi 2023, siku moja kabla ya sheria kuanza, Jaji Thomas Parker wa mahakama ya shirikisho alitoa zuio la muda. Mwanzoni mwa Juni akahukumu kwamba sheria inavunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kujieleza, kwa kuwa maneno yake hayana mipaka inayoeleweka na wavu wake ni mpana kupita kiasi. Hukumu hiyo ilimfunga mwendesha mashtaka wa Shelby peke yake. Jimbo lina wilaya 32 za mahakama, na kila moja ina mwendesha mashtaka wake.

Hilo lilidhihirika Agosti ya mwaka uleule. Mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Blount aliwaandikia barua waandaaji wa Blount Pride, tamasha lenye wasanii wa dragi, kwamba yeye ataitekeleza sheria. Wakaenda mahakamani, na tarehe 1 Septemba Jaji Ronnie Greer akatoa zuio lingine. Tamasha likafanyika kesho yake. Kikundi kidogo kilitafuta wakili na kusimama mbele ya jaji ndani ya siku chache kwa sababu ya barua moja. Nawaheshimu sana kwa hilo. Si kila kikundi kina fedha wala moyo wa namna hiyo, na ndiyo maana nasema vikundi vya Memphis na Blount vilipigania jukwaa la wengi kuliko wanavyojua.

Sasa nifike kwenye jambo linalopotoshwa kuliko yote. Tarehe 18 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, inayosikiliza rufaa za mahakama za shirikisho za Tennessee, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, iliitengua hukumu ya Jaji Parker. Tarehe 24 Februari 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Wapo wanaosema mahakama zimeihalalisha sheria. Hapana. Mahakama ya rufaa ilisema Friends of George's hawakuwa na haki ya kufungua shauri, kwa sababu hawakuonyesha kwamba wanakusudia kufanya onyesho lenye madhara kwa watoto kwa maana ile ya vipimo vitatu. Suala la Katiba halikuamuliwa. Na wapo wanaosema sheria ilishafutwa mwaka 2023. Nao wamekosea, na kosa lao ni la hatari zaidi kwa sababu linaweza kumpeleka mtu jela.

Adhabu ni hizi. Kosa la mara ya kwanza ni kosa dogo la daraja A: kifungo kisichozidi miezi 11 na siku 29, au faini isiyozidi dola 2,500, au vyote viwili. La pili na yanayofuata ni jinai nzito ya daraja E: kifungo cha mwaka 1 hadi 6, na faini inaweza kufika dola 3,000. Kwa asiye raia, hata hukumu ya kosa dogo inaweza kugusa hadhi yake ya uhamiaji. Kwa hiyo asikiri kosa lolote, hata akiahidiwa faini ndogo na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, kabla ya kuzungumza na wakili anayejua sheria ya jinai na ya uhamiaji pia.

Utaratibu tunaoushauri ni huu. Andikeni mchezo wenu, hata kama mmezoea kubuni papo kwa papo, na muuhifadhi pamoja na picha za mavazi na video ya mazoezi. Hivyo ndivyo vitakavyoonyesha onyesho lilivyo kwa ujumla wake. Ombeni kibali cha bustani mapema, na katika maombi elezeni onyesho lilivyo bila kuficha kitu. Afisa akikataa, mwombeni kwa heshima sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo halina faida kwetu, na mengi ya malalamiko tunayopokea yamejengwa juu ya jibu la mdomo. Ikija barua ya mwendesha mashtaka, msiijibu wenyewe. Andikeni tarehe mliyoipokea, tunzeni na bahasha yake, mtafute wakili siku hiyohiyo. Polisi akifika katikati ya onyesho, simamisheni bila ubishi, kisha mmoja wenu aulize kama mko huru kuondoka.

Kile kikundi kilichofuta kipande chake kimetuletea mchezo mzima, kurasa tisa. Tumeusoma. Hakuna humo neno wala tendo linalogusa vipimo nilivyovieleza, na tumewaandikia wakirudishe.