Usonji na choo: tazama tumbo kabla ya kununua poti

Wazazi wengi wa watoto wenye usonji huulizia poti ipi inafaa. Swali la kuanzia ni jingine: mara ya mwisho mtoto alipata haja kubwa lini, na choo kilikuwaje?

Kufunga choo ni tatizo la kawaida sana kwa watoto hawa. Wengi huchagua chakula, labda wali mkavu na chipsi tu, na maji hawayataki. Choo kigumu huuma, na mtoto aliyeumia mara moja atabana mara ya pili. Akiendelea kubana, utumbo hutanuka na kupoteza hisia, kisha choo cha majimaji hupenya pembeni ya lile donge la choo kigumu na kuchafua chupi. Nyumbani husemwa anaharisha, anapewa dawa ya kuzuia, na donge linazidi kukaza. Donge hilohilo hukandamiza kibofu, ndiyo maana mtoto wa namna hii hujikojolea pia.

Ukimwona anasimama kwenye kona kwa ncha za vidole huku amekaza makalio, hatafuti choo, anakizuia kisitoke. Tumbo likiwa gumu, au akipata choo chini ya mara tatu kwa wiki, mpeleke kwa daktari kwanza. Dawa ya kulainisha choo huweza kuhitajika kwa miezi. Wengi huiacha siku ya kwanza choo kinapolainika, na baada ya muda mfupi wanarudi palepale.

Tumbo likishatulia, tenga siku tano za kuandika. Kila nusu saa gusa nepi: kavu, imelowa, au ina choo. Andika na saa za kula na kunywa. Akikaa mkavu saa moja na nusu au mbili, kibofu kinashika na mnaweza kuanza. Kusema si sharti. Kumsubiri mpaka aongee ni kupoteza miaka bure.

Daftari litakuonyesha saa zake. Mpeleke dakika kumi kabla ya saa aliyozoea kukojoa, na tena dakika 15 hadi 30 baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huanza kusukuma. Mwanzoni akae sekunde tano tu. Hesabu kwa sauti, ashuke kabla hajaanza kulia. Ongeza kidogokidogo mpaka dakika tatu, tano zikizidi sana. Anayekalishwa nusu saa hujifunza jambo moja tu, kwamba choo ni kifungo. Miguu isining'inie: weka kigoda, magoti yapande juu kidogo ya nyonga.

Choo cha kuchuchumaa kinatoa mkao huo bila kigoda. Ugumu wake ni shimo: giza, harufu, mwangwi, na hofu ya kutumbukia. Poti ianze nje ya mlango wa choo, siku chache baadaye iingie ndani, kisha isogee mpaka kando ya shimo. Taa iwake. Kwenye choo cha kuvuta maji, vuta akishatoka; mshindo ule huwatia wengine hofu ya wiki nzima.

Usimwulize, “Unataka kukojoa?” Atasema hapana kwa mazoea, au atarudia swali lako neno kwa neno nawe udhani amekubali. Sema “Choo sasa” na umwonyeshe picha ya choo chenu chenyewe, si katuni ya choo ambacho hajawahi kukiona. Neno liwe moja kwa wote. Baba akisema susu, bibi kojo, na dada wa kazi haja ndogo, mtoto anasikia mambo matatu.

Zawadi itoke papo hapo, akiwa bado amekaa, na iwe kitu asichokipata popote isipokuwa chooni: kipande cha kashata, au kupuliziwa mapovu ya sabuni. Ukingoja anawe na avae suruali, kwake umemlipa kwa kuvaa.

Wako wanaokojoa vizuri chooni lakini haja kubwa wanadai nepi. Usiinyang'anye. Aivae, ila akajisaidie ndani ya choo. Akizoea, akae kwenye poti akiwa nayo. Baadaye toboa tundu dogo chini ya nepi, ulipanue kila baada ya siku chache, hadi kinachobaki kiunoni ni ukanda tu.

Kutawaza kufundishwe kuanzia mwisho. Mimina maji wewe, osha wewe, kausha wewe. Yeye apandishe chupi kutoka mapajani. Akiweza hilo, mwachie na hatua iliyo kabla yake. Msichana aoshwe mbele kwenda nyuma. Maji ya baridi yakimshtua, tumia vuguvugu kwenye kopo lilelile kila siku.

Akijichafua, mbadilishe kimya, uso mkavu, bila kofi wala hotuba. Mwaka 1971 Nathan Azrin na Richard Foxx walichapisha Marekani mbinu kali: vinywaji vingi, kuketishwa kwa ratiba, zawadi, na aliyejikojolea kulazimishwa kusafisha tena na tena. Ratiba na zawadi zimedumu. Adhabu tuiache, maana humfundisha mtoto kujificha nyuma ya kochi. Kumnywesha kupita kiasi nako ni hatari.

Aliyekwishajua akirudi nyuma ghafla, kapime mkojo kabla ya kulaumu shule mpya au kuhama nyumba, hasa akilia anapokojoa au akiwa na homa.

Usiku una wakati wake. Mwache alale na nepi mpaka mchana umekaa sawa na asubuhi kadhaa mfululizo umeikuta kavu.