Saa ya Usingizi wa Mtoto: Tunayoambiana na Yalivyo Kweli

Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Hulala saa saba mchana, na kabla shuka halijatulia mimi nimeshafika jikoni. Hapa Pasua, mtaani kwetu Moshi, kila jirani ana ushauri wake juu ya muda huo: pika hiki, shona kile, usikae bure. Mwingine ni ushauri mzuri. Mwingine umenigharimu sufuria.

"Akilala tu, bandika."

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, wa mchana ukihesabiwa humo. Sawa, lakini huo wa mchana hauna mkataba. Wangu leo atalala saa moja na nusu, kesho dakika 25, kaamshwa na bodaboda. Kwa hiyo usiulize kazi inachukua muda gani. Uliza kama inaachika katikati.

Kashata haiachiki. Mwezi wa tatu niliibandika mchana: sukari kikombe 1, karanga zilizokaangwa na kumenywa vikombe 2, chumvi kidogo. Sukari inaingia sufuriani kavu, bila maji, moto mdogo. Inakaa kimya mpaka unadhani umekosea, kisha pembeni inaanza kutoa machozi, halafu yote inageuka rangi ya asali. Hapo una kama dakika moja ya kumimina karanga, kukoroga, kutandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuanza kukata ingali ya moto. Mwanangu alilia ndani ya dakika hiyohiyo. Niliporudi sukari ilikuwa nyeusi kama lami, na sufuria ililoweka siku mbili.

Jirani aliniambia ningemfunga mgongoni nikaendelea. Hiyo nayo ni dhana, kwamba mgongoni moto haumfikii. Hapa Moshi tuko kama mita 800 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Sukari inayoyeyuka hupita nyuzi 160, na ikigusa ngozi inaganda palepale, haitiririki kama maji. Mafuta ya mandazi ni hivyohivyo kwa ukali. Mkono wa mtoto aliye mbelekoni unafika mbele kuliko unavyofikiri, na ukiinama kuchochea moto, kichwa chake kinainama na wewe.

Siku hizi kashata inasubiri Jumamosi, baba yake akiwepo. Mchana nafanya zinazoachika: kuchambua karanga, kukata vitambaa, kukanda unga wa visheti. Unga unafunikwa kitambaa kibichi na kukusubiri bila kununa. Wa hamira pia unakubali, tena mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishuka, huchelewa kuumuka hata ukimbembeleza mtoto alale mara ya pili.

"Bila oveni hakuna keki."

Bibi zetu wangecheka. Sufuria kubwa, mchanga mkavu uliochekechwa chini, sufuria ndogo yenye keki juu ya mchanga, mfuniko, makaa machache juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu, la sivyo utakula keki yenye viatu. Walio Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, wapunguze beking pauda kidogo tu kwenye kipimo cha kitabuni. Huko juu hewa ni nyepesi, keki inapanda haraka kabla haijashika, kisha inabonyea katikati.

"Mkaa ukishashika wote hauna madhara."

Hili sitalipita haraka. Mwezi wa saba mtu anasema: jiko halitoi moshi tena, naliingiza ndani, keki inaiva na mtoto anapata joto. Ukweli ni kwamba mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa, kwa sababu hakuna cha kumkohoza. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na usingizi unazidi kuwa mzito. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko likae nje, na mtoto aongezwe blanketi.

"Cha nyumbani ni salama, nimetengeneza mwenyewe."

Mikono yako ni safi, sikatai. Lakini karanga yenye ukungu ni yenye ukungu hata jikoni kwa mama. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haimalizwi na kukaanga, wala sukari haiifichi ila kwenye ulimi. Mwaga karanga kwenye ungo, kaa mlangoni penye mwanga, toa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani. Usizionje kwa huruma, tupa. Kazi hii inafaa sana saa ya usingizi. Inachosha, haina kelele, na unaiacha popote.

Kisha lipo la kumpa nani. Karanga nzima si za mtoto aliye chini ya miaka 5, na bisi vilevile, kwa kuwa humkaba. Zilizosagwa, zikipakwa kwa utepe mwembamba juu ya mkate, ni sawa kwa asiye na mzio nazo. Asali haimhusu kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ya kumchovyea kidole, hata iwe ya mlimani na imeletwa na mama mkwe. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazoota kwenye utumbo wake mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mapishi ya kawaida hayaziui. Mimi mama mkwe niliposhika kijiko nilimwambia, "Mama, tumsubirie kidogo, akifikisha mwaka utampa mwenyewe." Alinuna hadi chai ya jioni, ikaisha.

"Vya kuchezea na vifaa vya kazi za mikono ni vya dukani."

Si lazima. Udongo wa kuchezea ni unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, mafuta kijiko, na maji yanayoongezwa kidogokidogo mpaka usinate. Bizari ya manjano inatoa rangi. Ila una chumvi nyingi mno, kwa hiyo ni wa mtoto aliyeacha kutia kila kitu mdomoni. Wa kwangu bado, tunausubiri. Fundi wa mtaani ana mfuko wa mabaki ya vitenge chini ya cherehani, ukimwomba anakushukuru. Kwa mwanasesere, macho yatiwe kwa uzi, yasiwe vifungo. Kifungo kinang'oka na kumezwa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kufumua sweta la mtumba kutoka soko la Memorial, nipate uzi wa kufumia kofia na soksi. Wengi wanasema haiwezekani, uzi unakatikakatika. Wanachagua sweta baya. Geuza ndani nje, uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kupigwa ovaloku, ule mshono wa mashine wa kuzuia nyuzi zisichomoke, liache, kila mstari utakatika pale ulipokatwa. Ukiona kingo nzima, zimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, hilo ndilo. Kata mnyororo, tenganisha vipande, anza kufumua juu kuelekea chini. Uzi utatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mafungu, uuoshe, uuanike ukining'inizwa na kitu kizito kidogo. Unanyooka.

Na wanaosema hii ni kazi ya kike, baba yake ndiye anayefumua haraka kuliko mimi. Kufuma ndiko hajui.

Sweta la kijani nililolianza Jumatatu limebaki mikono miwili. Leo akilala nitaanza na wa kushoto.