Kwa nini chumba huendelea kuzunguka ukishasimama?

Mkalishe mwenzako kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, umzungushe kuelekea kulia kwake kwa nusu dakika, mwendo usiobadilika. Kizuie kiti ghafla, kisha mtazame machoni. Mboni zake zinateleza taratibu kwenda kulia, zinaruka kushoto, zinateleza tena, zinaruka tena, kama kigari cha taipureta kinachosogea herufi kwa herufi kisha kikarudishwa kwa mkupuo. Madaktari huita hali hiyo nistagmasi. (Kope inayochezacheza yenyewe ni jambo jingine kabisa.)

Atakuambia chumba kinazunguka, nawe usimcheke. Macho yakiteleza kulia, chumba huonekana kikikimbilia kushoto, upande ule ule kilikokuwa kikikimbilia alipokuwa akizungushwa. Ule mruko wa kurudi hauoni, maana ubongo hufifisha uoni kila jicho linaporuka. Kwa hiyo anaona mtelezo tu, mmoja baada ya mwingine. Lakini mwambie afumbe macho: sasa atahisi mwili wake ndio unaozunguka, tena kinyume, kuelekea kushoto.

Anayeyaamuru macho hayo ni sikio. Kila sikio la ndani lina mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, nayo kazi yake ni kupima mzunguko wa kichwa. Kati ya 1873 na 1875, Ernst Mach, Josef Breuer na Alexander Crum Brown walifikia wazo hilo, kila mtu kivyake. Taarifa ya mifereji hufika kwenye misuli ya macho kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, ili kichwa kikigeuka kushoto macho yageuke kulia na picha itulie. Jaribu: tikisa kichwa haraka huku unasoma ukurasa uliotulia, maneno yanasomeka. Sasa tuliza kichwa, utikise ukurasa kwa kasi ile ile. Maandishi yanavurugika, kwa sababu macho yanayofuata kitu kwa kukiona tu huchelewa mara kumi zaidi.

Hapa ndipo nilipokuwa nikikosea, tena kwa kujiamini. Nilikuwa nikieleza kwamba majimaji ya sikioni ni kama maji ya kwenye ndoo: ukiizungusha ndoo kisha ukaisimamisha, maji yanaendelea kuzunguka, na yakitulia kizunguzungu kinaisha. Maelezo hayo yanapendeza, yamo kila mahali, na nusu yake si kweli. Ndoo ni pana. Mfereji wa sikio una upana wa ndani wa kama theluthi moja ya milimita, na ndani ya mrija mwembamba hivyo maji hushikwa na kuta. Hayazunguki kwa sekunde kumi. Husogea kidogo mno, na msukumo wake huisha kabla hujapepesa jicho. Isitoshe, njia yenyewe imezibwa. Mfereji umekatizwa na kizibo laini kama jeli, kiitwacho kupula, na ndani yake zimechomeka nywele za seli zinazopeleka habari kwenye neva.

Kwa hiyo acha ndoo, fikiria bomba la sindano lenye sindano nyembamba sana, na badala ya pistoni lina utando wa mpira. Usukume utando mara moja kwa kidole: unabonyea. Uachie. Unataka kurudi, lakini ili urudi lazima uyapitishe maji kwenye ule mwanya mwembamba, na maji yanapita kwa uvivu. Ndivyo kupula inavyofanya. Kiti kinapoanza kuzunguka inapinda, kisha inanyooka polepole hata kama kiti bado kinakwenda, ndiyo maana baadaye mtu aliyefumba macho huapa kwamba kiti kimesimama. Kikisimama kweli, inapinda upande wa pili. Kinachodumu ni utando kujikunjua; maji yalishatulia zamani.

Hata hivyo hesabu haikamiliki. Ishara ya kupula hufifia kwa sekunde chache, ilhali macho huendelea kuteleza kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Muda wa ziada unaongezwa na ubongo wenyewe, unaohifadhi habari ya mzunguko na kuendelea kuisimulia baada ya msemaji kunyamaza. Faida yake huenda ni kuhisi vizuri mizunguko ya polepole, ingawa hilo bado linajadiliwa.

Na mifereji hii haihitaji hata kiti. Robert Bárány, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, aligundua kwamba maji ya baridi yakimiminwa sikioni huleta nistagmasi ya upande mmoja, na ya moto huleta ya upande wa pili. Alieleza kwamba majimaji yakipata joto hupanda, yakipoa hushuka. Mwaka 1983 jaribio la namna hiyo lilifanywa angani, kwenye maabara ya Spacelab, ambako hakuna uzito na kwa hiyo hakuna kupanda wala kushuka. Macho yakateleza vilevile. Pengine joto hutanua majimaji, pengine huigusa neva moja kwa moja. Lakini Bárány naye hakukosea kabisa: hapa duniani, mgonjwa aliyelala chali akigeuzwa kifudifudi, macho yake hubadili upande, na hilo neva iliyopashwa joto haiwezi kulifanya peke yake.