Je, wajua moto wa kuzimu ulitoka wapi?

Usiku usio na mawingu, volkano inapochemka, mtu aliyesimama Goma, mashariki mwa Kongo, akaelekeza macho kaskazini huona anga limeiva wekundu juu ya Nyiragongo. Si ajabu basi kwamba mhubiri wa hapa akitaja kuzimu, wasikilizaji wake huwaza moto papo hapo. Lakini neno lenyewe halina moto hata kidogo.

Kuzimu limetokana na mzizi -zimu, ule ule wa mzimu na mizimu, likatanguliwa na ku- ya mahali: huko iliko mizimu. Kinyarwanda nacho kina ikuzimu. Neno linataja makao ya waliotutangulia, chini ya ardhi, wala halisemi lolote kuhusu adhabu.

Moto ulikuja na neno jingine. Jehanamu tulilipata kwa Kiarabu, na asili yake ni bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu, ambako nabii Yeremia anasimulia kwa uchungu kwamba watu waliwachoma watoto wao wa kiume na wa kike, hata mfalme Yosia akapanajisi mahali pale ili mtu asirudie tena. Bonde la kweli likawa jina la adhabu ya Akhera, nayo Qurani inaitaja Jahanamu kuwa na milango saba. Agano Jipya la Kigiriki lilitofautisha geena na hadesi, na Biblia ya Kiswahili ikaandika jehanamu kwa la kwanza, kuzimu kwa la pili. Hata hivyo, katika Luka 16 tajiri yuko kuzimu, naye analia kwamba anateswa motoni. Naamini masimulizi hayo, kwa kusomwa makanisani kizazi baada ya kizazi, yamechangia sana kuwasha moto ndani ya neno la mizimu.

Kwaya zetu zinapoimba kwa Kilingala huweka lola, yaani mbinguni, mkabala na lifelo. Lifelo ni Kifaransa l'enfer kilichomezwa pamoja na kiambishi chake, na mzizi wake wa Kilatini ulimaanisha tu mahali pa chini.

Hata hivyo, eneo hili halikuwangoja wamisionari ili liufahamu moto huo. Katika ibada ya kale ya Ryangombe, shujaa aliyeheshimiwa kama mkuu wa mizimu, waliokwisha kuingizwa katika ibada hiyo walitarajia kupumzika katika baridi ya kilele cha mlima Karisimbi, na wasioingizwa waliambiwa wataishia katika moto wa Nyiragongo. Mimi siwezi kuuita mlima huu mahali pa adhabu: mnamo Januari 2002 lava iliingia mjini ikateketeza kanisa kuu la Kikatoliki pamoja na maduka na nyumba, bila kumbagua mwema na mwovu.

Tena, kinachotoka chini hapa hakiwaki sikuzote. Kando ya ziwa Kivu na katika mabonde ya mawe ya volkano kuna mazuku: kaboni dioksidi, gesi isiyo na rangi, nzito kuliko hewa, hujikusanya katika mashimo hasa alfajiri upepo unapotulia. Mbuzi akishuka humo kula majani huanguka bila sauti, na mtoto anayemfuata yumo katika hatari ile ile. Ukiteremsha kijinga cha moto ndani ya shimo lililojaa mazuku, kinazimika.