Stephen Dedalus na nguo zake mpya za mtumba

Kila nikianza kufundisha riwaya hii, haipiti wiki kabla sijaulizwa: "Mwalimu, mbona hadithi haianzi?" Swali ni la haki. Mwanafunzi kafungua A Portrait of the Artist as a Young Man ya James Joyce, ambayo darasani naiita Taswira ya Msanii Akiwa Kijana, akitarajia aelezwe ni mji gani, mwaka gani, huyu ni mtoto wa nani. Anachokuta ni hapo zamani za kale, zamani njema kwelikweli, ng'ombe moo akishuka njiani, akakutana na katoto kazuri kaitwako baby tuckoo. Kurasa mbili mbele, katoto hako, yaani Stephen Dedalus, kako shule ya bweni na hakuna aliyesema kamefikaje.

Mimi mwenyewe niliisoma kwanza katika nakala ya maktaba iliyojaa penseli pembeni. Msomaji aliyenitangulia alianza kwa ari: mistari, mishale, alama za kuuliza. Katikati ya sura ya tatu, kwenye mahubiri ya jehanamu, penseli ikakoma. Nami nikakomea papo hapo. Ilinichukua miaka kadhaa kurudi, na niliporudi nilisoma kwa sauti, peke yangu chumbani, ndipo kitabu kikafunguka.

Tatizo letu, mimi na yule wa penseli, ni kwamba tulikuwa tunamsubiri msimulizi. Tumezoea kuwa na mtu mzima ndani ya hadithi, anayejua yote na kutushika mkono. Joyce kamtoa mtu huyo. Lugha ya kitabu inakua pamoja na mtoto, na kila neno ni la umri wake.

Tazama ukurasa wa kwanza. Baba anamtazama mtoto kupitia kioo, na ana uso wa manywele. Neno "ndevu" halipo, kwa sababu mtoto bado hana neno hilo, wala hajui kile kioo kinaitwaje. Ukikojoa kitandani, kwanza kuna joto, halafu kunakuwa baridi. Mama anatandika shuka la mpira, lina harufu ya ajabu. Mama ananukia vizuri kuliko baba. Kuna pipi ya limau. Hesabu: sikio limepata hadithi, jicho limepata uso, ngozi imepata joto na baridi, pua imepata mpira, ulimi umepata pipi. Hakuna hata sentensi moja ya maelezo, na tayari yupo mtu kamili ambaye hajui kufunga vifungo vyake.

Siasa nazo zinaingia hivyo hivyo. Dante, mama anayeishi nao na kumfundisha mtoto, ana brashi mbili kabatini: yenye mgongo wa mahameli ya rangi ya damu ya mzee ni ya Michael Davitt, mtetezi wa wakulima wa Ireland, ya kijani ni ya Parnell. Kwa mtoto, uhuru wa Ireland ni brashi. Baadaye tunaambiwa, kwa kupita tu, kwamba siku moja Dante alichukua mkasi akabandua ile mahameli ya kijani na kusema Parnell ni mtu mbaya. Msomaji wa Ireland mwaka 1916 hakuhitaji kuambiwa zaidi. Charles Stewart Parnell, kiongozi wa wabunge waliodai Ireland ijitawale, aliangushwa na kashfa ya mke wa mtu mwaka 1890, maaskofu wakamkana, akafa Oktoba 1891. Chakula cha Krismasi kinachofuata, watu wazima wakigombana hadi baba mtu analia machozi, ni matanga ya Parnell mezani. Stephen yumo, kavaa suti, ndiyo mara yake ya kwanza kula na wakubwa. Haelewi. Wewe unaelewa kupitia kutoelewa kwake.

Mbinu hii haiishii kwa Stephen. Sura ya pili inaanza na mzee Charles, ambaye kila asubuhi hufukuzwa kwa upole akavutie kiko chake bandani, nyuma ya bustani, maana tumbaku yake haivumiliki. Joyce hasemi "alikwenda bandani". Anatumia kitenzi kikubwa cha adabu za kizamani, kama sisi tuseme mzee "alijongea" bandani, tena baada ya kuchana nywele na kuvaa kofia ndefu. Mwandishi Wyndham Lewis alilishambulia neno hilo, akaona ni uchovu wa Joyce. Miaka mingi baadaye, mwaka 1978, mhakiki Hugh Kenner akajibu: neno si la Joyce, ni la mzee Charles. Angelitumia yeye kama angekuwa anajisimulia. Sentensi imemsogelea mzee hadi ikaambukizwa lugha yake. Ukishaiona hila hii mara moja, hutaacha kuiona.

Niseme kidogo jinsi kitabu kilivyopatikana. Joyce, aliyezaliwa Dublin tarehe 2 Februari 1882, alianza na insha mwaka 1904, jarida likaikataa. Akaigeuza riwaya kubwa aliyoiita Stephen Hero, iliyopangiwa sura 63, yenye msimulizi wa kawaida anayeeleza kila kitu. Mwaka 1907, akiwa Trieste, aliamua kuifumua na kuipunguza iwe na sura tano tu. Mwaka 1911 hasira zikampanda, akautupa muswada motoni, jamaa zake wakauopoa. Mshairi Ezra Pound ndiye aliyeusukuma hadi ukatoka kwa vipande katika jarida la The Egoist la London, kuanzia Februari 1914, kisha ukawa kitabu New York mwishoni mwa 1916, kwa kuwa wapiga chapa wa Uingereza waliogopa kushtakiwa. Mabaki ya ile ndefu yapo, na nimeyasoma. Yanaeleweka kirahisi zaidi, na ni ya kawaida mno. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi kwamba ugumu wa kitabu hiki ulitafutwa kwa makusudi, kwa miaka kumi.

Sasa turudi bwenini, Clongowes, shule ya Wajesuiti. Mvulana aitwaye Wells anamuuliza Stephen mbele ya wenzake: je, unambusu mama yako kabla ya kulala? Anasema ndiyo, wanacheka. Basi anasema hapana, wanacheka tena. Yeyote aliyewahi kuwa mgeni bwenini anaijua aibu hiyo. Hakuna jibu sahihi, kosa ni kuwa wewe. Stephen anabaki akiwaza jibu lingekuwa lipi, halafu akili ya mtoto inateleza kutoka kwenye fedheha hadi kwenye neno lenyewe: kubusu ni nini hasa? Midomo ya mama ni laini, inalowanisha shavu, inatoa kisauti kidogo. Kwa nini watu hufanya hivyo kwa nyuso zao mbili? Hapo ndipo msanii alipoanza, kwangu mimi, kabla ya nadharia zote za sura ya tano. Ameumizwa na swali, na badala ya kulipiza, analigeuza neno mkononi kama kokoto.

Kisha miwani yake inavunjika, mwalimu anamsamehe asiandike, lakini padri msimamizi wa masomo anaingia darasani, anamwita mvivu mwenye hila, na kumchapa viganja vyote viwili. Stephen, mdogo kuliko karibu wote, anajikaza kwenda peke yake kwa mkuu wa shule kushtaki. Anasikilizwa. Wenzake wanarusha kofia juu, wanambeba. Sura inaishia na sauti za mpira wa kriketi jioni, kama matone ya maji yakidondoka taratibu kwenye bakuli lililojaa. Ni ushindi.

Hapa natoa siri pekee ninayoitegemea kufundisha kitabu hiki: usifunge kitabu mwisho wa sura. Endelea. Katika sura ya pili, baba yake anarudi nyumbani akisimulia alivyokutana na mkuu yule, na jinsi mapadri, pamoja na yule mchapaji, walivyocheka mezani hadi mbavu ziwaume kwa habari za katoto kaliyekuja kushtaki. Ushindi ulikuwa kichekesho cha wakubwa. Joyce haongezi neno, na wala hatuambii Stephen alijisikiaje.

Utaratibu huo unarudiwa kitabu kizima. Sura ya pili inaisha Stephen, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, mikononi mwa kahaba, kwa nathari tamu iliyolewa. Ya tatu inafungua na njaa: anatumaini jioni kutakuwa na mchuzi wa karoti, viazi vilivyopondeka na nyama ya kondoo yenye mafuta, na tumbo lake linamwambia, shindilia. Ya tatu inaisha kwa maungamo na komunyo, roho nyeupe. Ya nne inafungua na ratiba: Jumapili kwa fumbo hili, Jumatatu kwa lile, rozari mfukoni, sala zinazohesabiwa, hata anaiona roho yake ikibofya vitufe vya mashine kubwa ya malipo ya dukani na kiasi kikijiandika mbinguni papo hapo. Sijui dhihaka kali zaidi ya ucha Mungu wa mahesabu, na imeandikwa bila kuinua sauti.

Kuhusu mahubiri ya jehanamu yaliyomshinda yule wa penseli: usiyaruke, ila uyasikilize badala ya kuyachambua. Yametolewa wakati wa mafungo ya kiroho katika shule ya pili ya Stephen, Belvedere, na yamepangwa kama mahubiri ya Wajesuiti yalivyopangwa kweli, hoja moja juu ya nyingine. Kuna mlima wa mchanga unaofika mbinguni, na ndege mdogo anayekuja kila baada ya miaka milioni kuchukua chembe moja. Mlima ukiisha, hata dakika moja ya umilele haijapita. Yanachosha kwa sababu yanapaswa kukufunga pumzi. Angalia pia kwamba hapa Stephen hana sauti kabisa. Lugha ya kanisa imemmeza, ukurasa mzima ni wa padri. Ndipo unaelewa kwa nini mwisho wa sura ya nne, kijana anapokataa upadri na kumwona msichana amesimama majini ufukweni Dollymount kama ndege wa baharini, nathari inalipuka kwa furaha. Imerudishiwa mdomo.

Na sura ya tano? Chai ya tatu, nyepesi kama maji, makombo ya mkate wa kukaanga, stakabadhi za rehani mezani, na mama anamwosha shingo kijana wa chuo kikuu ili asichelewe darasani.

Katika sura hiyo kuna tukio linalowagusa wanafunzi wangu kuliko ufuko wa Dollymount. Mkuu wa masomo, padri Mwingereza, anawasha moto chumbani na kuongelea faneli ya kujazia taa. Stephen anatumia neno jingine, tundish. Padri hajawahi kulisikia, anadhani ni la watu wa Ireland, analisifu kama mtu anayesifu ushanga wa kijijini. Stephen anawaza: lugha tunayosema ni yake kabla ya kuwa yangu, maneno kama nyumbani, Kristo na bwana, jinsi yalivyo tofauti mdomoni mwake na mdomoni mwangu. Darasa langu, ambalo limesomea kila kitu kwa Kiingereza tangu sekondari, hunyamaza hapo. Wengi huishia kunukuu mstari huo. Lakini soma hadi shajara ya mwisho, tarehe 13 Aprili: Stephen ameenda kwenye kamusi, na tundish ni Kiingereza safi, cha zamani. Mgeni katika lugha alikuwa mwenye lugha. Nikijaribu kulitafsiri tukio hili nakwama kwa namna ya kuchekesha, maana sisi nasi tunasema faneli. Tulichukua neno la padri.

Nadharia ya uzuri anayomhubiria rafiki yake Lynch, kutoka kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, naipitia haraka. Kila mtu anaijua ile picha ya msanii kama Mungu aliyejificha nyuma ya kazi yake, akikata kucha. Ni nzuri, ila msikilize pia Lynch, anayedakia kwa mizaha kila Stephen anapopaa. Joyce mwenyewe alimsisitizia rafiki yake Frank Budgen kwamba watu husahau maneno ya mwisho ya jina la kitabu. Akiwa kijana.

Kurasa za mwisho ni shajara, kuanzia tarehe 20 Machi, na kwa mara ya kwanza Stephen anajisimulia. Kwa sisi wa Kiswahili naweza kusema riwaya nzima ni safari ya kutoka kiambishi a- hadi kiambishi ni-. Mstari wa mwisho unamwita Daedalus, fundi wa hekaya ya Kigiriki aliyejitengenezea mbawa: baba wa kale, fundi wa kale. Anayemwita Daedalus baba ni Ikaro, na Ikaro alianguka baharini. Kufuatana na utaratibu wa sura, anguko la tano lipo, ila liko katika kitabu kingine: Ulysses, cha mwaka 1922, kinapofunguka Stephen amerudi Dublin, mama amekufa, na suruali aliyovaa ni ya mtumba.

Siku moja kabla ya mstari ule, tarehe 26 Aprili, yupo ule usemi maarufu: ninakwenda kufua, katika kiwanda cha roho yangu, dhamiri ya watu wangu isiyoumbwa bado. Kitenzi cha Kiingereza alichotumia Joyce kina maana ya kufua chuma na pia ya kughushi, na wahakiki wamekishangilia sana. Kwa Kiswahili kughushi kunapotea. Lakini kufua kwetu ni chuma na ni nguo, na hilo Joyce hakuwa nalo. Tarehe hiyo hiyo, mistari michache juu, kijana ameandika kwamba mama anaziweka tayari nguo zake mpya za mtumba, huku akimwombea ajifunze, mbali na nyumbani, moyo ni nini na unahisi nini.