Kuchaguliwa na KUCCPS Si Kulipiwa Karo

Tangu barua za kujiunga na chuo zianze kutoka, foleni mbele ya ofisi yetu ya fedha za wanafunzi haijakatika. Mama mmoja alipanda matatu mbili kutoka Jomvu kuja kuuliza kwa nini mwanawe amenyimwa pesa na serikali. Tukaketi na kijana, tukamwomba afungue akaunti yake ya maombi. Hakuwa na akaunti. Hakunyimwa na mtu, kwa sababu hakuwa ameomba. Alidhani kwamba KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, ikishamchagua, karo italipwa yenyewe.

Malalamiko ya namna hii yameongezeka mno, ndiyo maana naandika.

KUCCPS kazi yake ni kukupa nafasi ya masomo. Pesa huombwa kwingine, kwenye tovuti ya ufadhili wa elimu ya juu, hef.co.ke, na mwanafunzi mwenyewe ndiye anayeomba. Humo mna vitu viwili. Kuna ufadhili wa serikali, ambao haurudishwi. Kuna na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ambao hurudishwa. Aliyejiunga na chuo kikuu cha kibinafsi hapati ule ufadhili, ila mkopo anaweza kuomba.

Chini ya utaratibu uliotangazwa Mei 2023, kiasi unachopata hutegemea hali ya nyumbani kwenu. Wanafunzi wa vyuo vikuu walioingia 2024 waligawanywa katika makundi matano. Kundi la 1, la wenye uhitaji mkubwa zaidi, ufadhili ni asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Kundi la 3 ni 50, 30 na 20. Kundi la 5 ni 30, 30 na 40. Chukua kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka: familia ya kundi la 1 italipa 12,000, ya kundi la 3 italipa 48,000, na ya kundi la 5 italipa 96,000. Ndiyo, hata aliye kundi la 1 ana cha kulipa. Wazazi wengi hukasirika hapa kwa kuwa waliambiwa mtaani kwamba masomo ni bure. Hakuna barua ya serikali iliyosema hivyo.

Najua pia mmesikia habari za mahakamani. Mahakama Kuu iliamua Desemba 2024 kwamba mfumo huu unakiuka Katiba, kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Viwango navyo vinaweza kubadilishwa na wizara. Kwa hiyo usipange bajeti ya nyumba kwa kutegemea picha iliyosambazwa kwenye WhatsApp. Ingia kwenye akaunti yako usome ulichopewa wewe.

Sasa nije kwenye fomu, maana ndipo watu wanapoharibikiwa.

Tafadhali msimwachie mwenye saiba ajaze kila kitu. Saiba inaweza kukupa kompyuta na intaneti, na hilo ni jema. Lakini tumepokea wanafunzi ambao barua pepe iliyo kwenye maombi ni ya saiba, paswadi anaijua mhudumu wa saiba, na nambari ya simu ni ya shangazi aliyehamia Malindi. Ujumbe wa kuthibitisha unapotumwa, mwenyewe haupati. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lako, kwa kitambulisho chako. Kama umetimiza miaka 18 na hujachukua kitambulisho, anza na hilo kabla ya jambo jingine lolote. Kituo cha Huduma cha Mombasa kiko pale Posta, barabara ya Digo, na maswali ya HELB huhudumiwa humo humo.

Majina yako yafanane kila mahali. Cheti cha KCSE kikisema Mwanaidi na kitambulisho kikasema Mwanaid, shughulikia marekebisho mapema. Uwe na nambari za vitambulisho vya wazazi au mlezi, na uandike karo mliyokuwa mkilipa shule ya msingi na ya sekondari. Kama ulisomeshwa na mfadhili, weka barua yake, la sivyo utaonekana umetoka shule ya gharama kubwa na kwenu mna uwezo. Mkopo hutaka pia wadhamini wawili. Wajulisheni watu hao kabla ya kuandika majina yao. Mjomba akipigiwa simu kuulizwa juu ya mkopo asioujua, atasema hakujui.

Kuna jambo moja linaloniuma, na ni letu sisi watu wa Pwani zaidi. Mzee akifariki asubuhi, alasiri tumeshamzika. Hiyo ni sunna na ni heri. Lakini baada ya arobaini hakuna anayefuatilia cheti cha kifo. Miaka minane baadaye mtoto anaomba ufadhili akiwa yatima, na hana karatasi ya kuthibitisha. Usitegemee barua ya chifu pekee. Kusajili kifo kwa kuchelewa kunawezekana kupitia ofisi ya usajili wa raia, ila kunachukua muda, na dirisha la maombi halikungoji. Kama baba au mama amefariki na cheti hakipo, mtu mmoja nyumbani aanze safari hiyo sasa hivi, hata kama mtoto bado yuko kidato cha pili.

Kinyume chake pia hutokea. Baba yuko hai, ana kazi, ila ameiacha familia, na mtoto anamwandika kuwa marehemu. Naelewa uchungu ulioko nyuma ya jambo hilo. Usilifanye. Taarifa za fomu hulinganishwa na kumbukumbu nyingine za serikali, na kutoa habari za uongo ili kupata mkopo ni kosa chini ya Sheria ya HELB ya 1995, kosa lenye faini na kifungo. Eleza hali ilivyo: kwamba unalelewa na mama, kwamba anauza mahamri na mbaazi asubuhi, kwamba baba hachangii. Ukipangwa kundi usiloliona sawa, rufaa hupelekwa kupitia akaunti ile ile, ukiambatanisha ushahidi. Rufaa isiyo na ushahidi ni malalamiko tu, na msomaji wake hana la kufanya nayo.

Maombi hayana ada ya kumlipa mtu. Anayekuomba pesa akusogeze kundi lenye ufadhili mkubwa zaidi ni tapeli, hata akijitambulisha kuwa anafanya kazi ofisi gani.

Kuhusu kurudisha mkopo, nitaeleza kwa urefu kidogo kwa kuwa kila wiki nakutana na waliohitimu wakilia. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Pesa za matumizi unazotumiwa kwenye simu au benki nazo ni sehemu ya mkopo. Nasisitiza hilo kwa sababu wanafunzi wengi huzihesabu kama zawadi. Mwanafunzi wa kundi la 3 katika mfano wetu hukopeshwa 72,000 za karo na 50,000 za matumizi, jumla 122,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 488,000 kabla ya riba. Sheria inakutaka uanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, sawa na 60,000 kwa mwaka, juu ya deni lenyewe. Jina lako linaweza kupelekwa kwa taasisi za kumbukumbu za mikopo, na siku utakapotafuta mkopo wa kununua bodaboda utaambiwa hufai. Waajiri wengi, hasa wa serikali, hutaka cheti cha HELB cha kuonyesha huna tatizo. Mwajiri naye anabanwa: akimwajiri mwenye deni la HELB, ana miezi mitatu ya kuiarifu bodi, kisha akate na kupeleka makato kila mwezi, na akikaidi hutozwa faini yake. Kama umemaliza na huna kazi, waandikie HELB uwaeleze, mpatane namna ya kulipa kidogo kidogo. Wanaojificha ndio wanaoumia.

Suala la riba najua lina uzito katika nyumba nyingi za hapa Mombasa, na si kazi yangu kutoa fatwa. Nenda kwa shekhe wako ukiwa na maelezo kamili, yaani kiwango, muda na masharti, ili akujibu juu ya jambo lenyewe. Ninaloweza kusema ni kwamba ufadhili wa serikali si mkopo, wala basari, yaani msaada wa karo, si mkopo. Nimewaona vijana walioacha kuomba vyote vitatu kwa sababu ya shaka juu ya kimoja, na wawili kati yao wakarudi nyumbani muhula wa kwanza. Msifanye hivyo, wanangu.

Basari zenyewe huombwa karibu na nyumbani. Mombasa ina maeneobunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na kila moja lina kamati yake ya NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneobunge. Kaunti nayo ina wadi 30, na pesa zake za elimu zinapotangazwa, fomu hupatikana kwenye wadi. Kila kamati ina masharti yake, na nyingi hutaka ushahidi kwamba familia inakaa pale. Utahitaji barua ya kujiunga na chuo, orodha ya karo yenye muhuri, nakala za vitambulisho, sahihi ya chifu, na mara nyingi ya imamu au padri. Usimwendee chifu siku ya mwisho. Na mkopo wa HELB haukuzuii kuomba basari, kinyume na wanavyoambiana wanafunzi.

Cheki ya basari huandikwa kwa jina la chuo, haiandikwi kwa jina lako. Hili tunalieleza mara kumi kwa siku. Kinachotutesa ofisini ni cheki moja kuja na orodha ya wanafunzi arobaini, wengine wakiwa na jina moja tu na bila nambari ya usajili. Tuna Fatuma Ali zaidi ya mmoja. Pesa zipo benki, lakini hatuwezi kuziingiza kwenye akaunti ya mtu tusiyemjua, na wakati huo Fatuma anazuiwa kufanya mtihani kwa deni ambalo limeshalipwa. Andika kwenye fomu majina matatu na nambari ya usajili wa chuo kwa herufi zinazosomeka, kisha ukisikia majina yametangazwa, njoo ofisini uthibitishe kwamba umeingiziwa.

Kwa wanaotazama nje ya nchi, miradi ya ufadhili wa masomo kama Türkiye Bursları ya Uturuki, Stipendium Hungaricum ya Hungaria na ICCR ya India hupokea Wakenya na kuomba ni bure. Maombi yake hufunguliwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo aliyemaliza kidato cha nne asisubiri hadi abaki bila chuo ndipo aanze kuyatafuta.

La mwisho ni kwa walio mwaka wa kwanza sasa hivi. Mkopo wa HELB huombwa kila mwaka. Ulioupata mwaka huu haujirudii wenyewe, na kila Septemba tunapokea wanafunzi wa mwaka wa pili wanaoshangaa kuona akaunti haina kitu. Dirisha la maombi ya kuendelea likifunguliwa, ingia, hakikisha nambari ya simu na akaunti ya benki bado ni zako, tuma maombi, kisha uchapishe ukurasa wa uthibitisho na uje nao.